Hewa Iingie Wapi, Itokee Wapi

Mwezi wa Julai Nairobi hujifungia ndani. Mawingu hutanda kutwa bila kumwaga mvua ya maana, usiku vipimo hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na kadiri unavyopanda kuelekea magharibi, Kangemi, Uthiru hadi Limuru, ndivyo baridi inavyozidi kuuma. Wakati huo utaona magazeti yakisokotwa na kusukumwa ndani ya matundu yaliyo juu ya madirisha, matambara yakilazwa chini ya milango, na dirisha ambalo halijafunguliwa tangu Mei likiongezewa pazia la pili. Kila mtu anadhani anahifadhi joto. Mara nyingi anachofanya ni kuua mtambo pekee wa hewa alio nao nyumbani.

Nyumba zetu hazina tanuri la kupasha vyumba vyote wala mabomba ya hewa baridi yaliyofichwa darini. Jiji liko karibu kabisa na ikweta, lakini kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na waliojenga nyumba za zamani za Parklands, Ngara na Kilimani walijua kwamba hali ya hewa ya namna hii haidai mashine. Inadai madirisha yanayotazamana, dari iliyoinuka, na tundu la kudumu juu ya kila dirisha ambalo hakuna awezaye kulifunga kwa mkono. Hewa baridi, ambayo ni nzito, huingia chini. Hewa iliyopata joto la miili na mapishi hupanda na kutokea juu. Mtambo huo hauna swichi wala bili, na kwa hiyo ukiharibika hakuna anayemwita fundi.

Kanuni yake ni fupi: hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Ukitoboa kopo la mafuta tundu moja, mafuta hutiririka kwa kusitasita; ukitoboa la pili upande wa pili, yanamwagika vizuri. Chumba chenye dirisha moja kubwa na mlango uliobana hadi sakafuni kina tundu moja tu, hata dirisha lenyewe liwe pana kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu nyumba yako ni hili: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Kabla ya kununua hita, feni, kiyoyozi au mashine ya kukausha unyevu, jibu maswali hayo mawili kwa kila chumba.

Kifaa cha kupimia ni kijiti cha udi. Kiwashe, simama katikati ya chumba, utazame moshi. Ukipanda wima hadi darini kisha ukaning'inia hapo kama wingu, hewa imelala. Kipeleke karibu na matundu ya juu: moshi ukivutwa nje, hapo ndipo pa kutokea. Kipeleke chini ya mlango: ukisukumwa kuja kwako, hapo ndipo pa kuingilia. Rudia jioni, rudia siku yenye upepo, kwa kuwa upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki na jengo la jirani linaweza kuukata kabisa. Asiye na udi atumie ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, aushike kwa vidole viwili aone unapepea kuelekea wapi.

Dalili nyingine hazihitaji kipimo. Harufu ya kitunguu cha jana ikiwa bado jikoni asubuhi, hewa ya jana bado iko nawe. Vioo vikitoka jasho alfajiri, maji hayo ni pumzi zenu, mvuke wa chai na wa kuoga. Familia ya watu wanne humwaga lita kadhaa za maji hewani kila siku, nayo lazima yaende mahali. Yasipotoka nje yatatafuta pahali pa baridi zaidi ndani: kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati, chini ya godoro lililolazwa sakafuni. Ndipo unapoona madoa meusi ya kuvu. Watu wengi hupaka rangi juu yake kila mwaka, na kila mwaka hurudi. Rangi haiondoi unyevu. Vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani, fungua dirisha dakika 15 asubuhi na mlango wa upande wa pili pamoja nalo, na usianike nguo ndani ya chumba cha kulala. Doa likiendelea kupanua mipaka yake baada ya hayo, chunguza bomba linalovuja au paa, maana si kila unyevu ni wa hewa.

Na kichwa kizito unapoamka? Usikipuuze. Inaweza kuwa ni usingizi mbaya tu, au ni chumba kidogo cha watu wanne ambacho mlango wake hauna hata nafasi ya unywele. Lakini kama mmeamka wote mnaumwa kichwa, na jana usiku kulikuwa na moto ndani, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya familia iliyolala na jiko la makaa ndani isiamke. Husimuliwa kama ajali, majirani wakisema hawakusikia chochote. Hawangeweza kusikia. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Inaponaswa na damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa mtu akiwa anapumua kama kawaida. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala hupita hatua zote hizo bila kuzijua.

Kuna imani moja ambayo ningependa iondoke katika mitaa yetu yote, kuanzia Kawangware hadi Kangemi: kwamba makaa yakishakolea, yakawa mekundu bila moshi, ni salama kuyaingiza chumbani. Si kweli hata kidogo. Moshi unaouona ni vumbi na mvuke. Kukosekana kwake hakumaanishi kukosekana kwa sumu. Makaa mekundu yaliyotulia, hasa yaliyofunikwa jivu ili yadumu usiku, huungua kwa hewa haba na kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Wala si kweli kwamba gesi hiyo hukaa chini au hukaa juu tu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, nayo husambaa chumba kizima. Kulala kitandani badala ya sakafuni hakumwokoi mtu. Bakuli la maji kando ya jiko halifyonzi kitu. Jiko lenye kauri ndani, ambalo Wakenya wamelitumia tangu miaka ya 1980, huokoa makaa na pesa, lakini halibadilishi jambo hili.

Dirisha lililoachwa wazi kidogo nalo halitoshi kulifanya jiko kuwa la kulala nalo. Upepo ukigeuka, gesi inarudi. Ushauri wangu hapa hauna masharti: jiko la makaa lisilale ndani. Pikia nje au barazani, na ukimaliza liache huko huko.

Najua ninamwambia hivi mama mwenye mtoto mchanga katika chumba cha mabati, usiku wa Julai, na ni haki yake kuniuliza afanye nini basi. Joto la chumba cha mabati halitoroki kwa tundu dogo la hewa. Linatoroka kwa bati lenyewe, juu, ambalo ni jembamba na linalala likiitazama mbingu. Hapo ndipo pa kuanzia: dari yoyote ya ubao mwembamba chini ya bati, yenye nafasi ya hewa katikati, itasaidia kuliko kuziba matundu yote. Mkeka au kadibodi chini ya godoro huzuia baridi ya saruji. Tambara chini ya mlango si baya ikiwa tundu la juu liko wazi na dirisha limeachiwa upenyo wa vidole viwili. Maji ya moto kwenye chupa imara, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kinene, hupasha kitanda kabla ya kulala. Itoe kabla ya kumlaza mtoto. Mvishe mtoto nguo tabaka kwa tabaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopasha chumba kama makaa yapashavyo, na sitadai hivyo, lakini vyote vinamwacha mtoto hai asubuhi.

Likitokea la kutokea na mtu akazidiwa na gesi ya makaa, mtoe nje kwanza, kwenye hewa safi, kabla ya kuuliza maswali. Fungua milango, piga 999 au 112, au tafuta gari. Hospitalini sema wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliyejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu hakitofautishi gesi hiyo na oksijeni. Daktari akijua chanzo atampa oksijeni bila kungojea. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini yake. Tofauti hiyo ni kubwa, na aliyezinduka akasema yuko sawa apelekwe vilevile.

Wenye gesi wasijione wamevuka. Mwali wa meko ya gesi unapaswa kuwa wa buluu na kutulia. Ukiwa wa manjano, unaruka-ruka na kuacha masizi chini ya sufuria, hewa haitoshi au tundu la kichomeo limeziba; safisha, na usipoona nafuu mwite fundi. Kumbuka pia kwamba hewa yetu ni nyepesi: kwenye mwinuko huu ina uzito wa karibu asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa, na kifaa kilichorekebishwa kwa usawa wa bahari hakipati oksijeni kilichoitegemea. Gesi ya mtungi yenyewe, tofauti na kaboni monoksaidi, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na kwa hiyo jikoni panahitaji tundu la chini pamoja na la juu. Kinachonitisha zaidi ni hita za gesi za kupasha maji ya kuoga, ambazo siku hizi hufungwa katika fleti nyingi. Mahali pake ni nje, kwenye baraza lililo wazi. Nimeona zimefungwa bafuni, mlango umefungwa, dirisha limeelekea kwenye shimo la katikati ya jengo. Ukikuta hita ya namna hiyo katika nyumba uliyopanga, usioge nayo hadi ihamishwe.

Upande wa Karen, Loresho na Lavington tatizo la moto huja kwa umbo jingine: meko ya kuotea moto yanayorudisha moshi sebuleni. Watu hulaumu kuni. Kuni mbichi kweli hufanya moshi, lakini kwanza fungua dirisha moja karibu na meko. Moshi ukianza kupanda mara moja, kosa si la kuni wala la dohani: nyumba imebana mno, na moto unakosa hewa ya kuvuta. Hii imekuwa kawaida tangu watu walipoanza kubadilisha madirisha ya chuma yenye nyufa kwa ya alumini, na kuweka kifyonza moshi chenye nguvu juu ya jiko katika sebule iliyounganishwa na jikoni. Kifyonza kikiwashwa huvuta hewa popote ipatikanapo, hata kupitia dohani, na moshi hushuka nayo.

Kama dirisha halibadilishi kitu, tazama juu. Nyuki na ndege hupenda dohani isiyotumika tangu Agosti iliyopita. Kilango cha ndani kinaweza kuwa kimeshikwa na kutu kikiwa nusu wazi. Mdomo wa dohani unapaswa kupita paa na kitu chochote kilicho karibu, walau sentimita 60 juu ya kila kilicho ndani ya mita 3. Mti ukikua au jirani akiinua ghorofa, upepo huanguka na kusukuma moshi chini. Na yapo meko yaliyokosewa tangu kujengwa: eneo la tundu la dohani likiwa chini ya sehemu moja kwa kumi ya mdomo wa meko, moshi hautapita wote. Dawa yake mara nyingi ni kupunguza mdomo kwa tofali moja au mbili badala ya kubomoa ukuta.

Sasa ghorofa za Kilimani na Kileleshwa. Ninaamini hapa ndipo tumepoteza zaidi katika miaka 20 iliyopita. Mahali palipokuwa na nyumba moja yenye bustani sasa pana fleti 60 au zaidi, na nyingi hupata hewa kwa upande mmoja tu. Bafu na choo hufungukia kwenye shimo jembamba la katikati, ambalo ni sawa likiwa wazi juu na chini. Lakini mara nyingi juu limefunikwa ili mvua isiingie, chini pameegeshwa magari, na harufu ya samaki wa ghorofa ya tatu hulala bafuni mwako ghorofa ya saba. Dirisha la kuteleza nalo hufunguka nusu tu ya upana wake, na matundu ya kudumu hayapo.

Chukua karatasi ya chooni uiweke kwenye feni ya kufyonza hewa ya bafu. Ikishikwa, feni inafanya kazi. Ikianguka, angalia vumbi kwenye mapanga yake, na kama bomba lake linafika nje; zipo zinazotemea darini. Kisha funga mlango wa bafu na urudie. Ikiwa sasa karatasi inaanguka, mlango umebana mno na feni haina hewa ya kuvuta: fundi seremala anyoe sentimita moja na nusu chini ya mlango, kazi ya nusu saa. Chumba cha kulala pia kinahitaji upenyo huo. Kuhusu kifyonza cha jikoni, muulize aliyekiweka kama kina bomba la kutokea nje. Vingi huchuja mafuta kidogo na kurudisha hewa ile ile usoni pa mpishi.

Katikati ya jiji, kiyoyozi ndicho kimekuwa jibu la kila joto, na hapo pana kutoelewana kunakogharimu pesa. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa kutoka nje. Huvuta hewa ya chumba, huipoza, huirudisha. Ofisi ya watu 10 yenye madirisha yaliyofungwa na kiyoyozi cha nyuzi 20 ni ofisi ya watu 10 wanaopumua pumzi za wenzao, zikiwa baridi. Hewa ya nje ina kaboni dioksaidi ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Kifaa kidogo cha kupimia kikionyesha zaidi ya 1,000 chumbani mwenu baada ya chakula cha mchana, usingizi unaowapata haujatokana na ugali peke yake. Na kukiwa na mwenye kikohozi cha kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, chumba cha namna hiyo husambaza ugonjwa upesi kuliko dirisha lililo wazi.

Kiyoyozi kinapopuliza kidogo, wengi hushusha nyuzi. Fungua kifuniko kwanza. Chujio likiwa na vumbi kiasi kwamba huoni mwanga kupitia kwake, lioshe kwa maji, likauke, lirudishe. Mwezi wa Januari na Februari, vumbi likiwa jingi, fanya hivyo kila wiki mbili. Barafu kwenye mabomba, maji yanayodondoka ndani, mlio wa kukwama: mara nyingi hewa haipiti, na gesi haijaisha kama fundi wa haraka atakavyokuambia. Mwambie apime joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya afya. Ikiwa tofauti ni nzuri lakini upepo ni hafifu, tatizo ni mtiririko. Ikiwa upepo una nguvu lakini tofauti ni ndogo, hapo ndipo mzungumze habari ya gesi.

Na pengine hukihitaji. Nairobi mchana wa Machi hufika nyuzi 28 hivi, na jioni hupoa. Kwa kuwa jua hupita karibu na utosi, kinachochoma ofisi ni vioo vinavyotazama magharibi, na kivuli nje ya kioo hufanya kazi kuliko pazia ndani yake. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011, lenye nafasi ya watu 1,200, lilisanifiwa litegemee upepo wa asili: hewa huingia kwa madirisha, hupata joto, hutokea juu ya uwazi wa katikati. Kinyume chake ni vibanda vya maduka vya Luthuli Avenue na Tom Mboya Street, ghorofa nzima iliyogawanywa kwa mbao hadi darini ili kila muuza simu au viatu apate mita zake mbili. Mgawanyo ule hukata njia ya hewa kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma. Sentimita 40 zikiachwa wazi juu ya kila ukuta wa mbao, kwa wavu kama mnahofia wizi, ghorofa yote hupumua. Wapangaji wakiomba hilo kwa pamoja, mwenye jengo hana gharama kubwa ya kusingizia.

Sheria iko upande wenu. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitaka vyumba vya binadamu viwe na hewa, na zile za kitaifa za 2024 zilizochukua nafasi yake zinataka vivyo hivyo. Andika malalamiko kwa barua, taja chumba, taja kilichoziba, weka picha ya doa au ya shimo lililofunikwa. Mwenye nyumba husikia barua yenye picha haraka kuliko simu.

Kengele ya kaboni monoksaidi ni kifaa tofauti na ile ya moshi; soma kiboksi kabla ya kulipa. Yenye alama ya EN 50291 imepimwa. Ifunge karibu na mahali mnapolala, bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na tazama tarehe yake nyuma, kwa kuwa kihisio chake huchakaa baada ya miaka 5 hadi 10.

Ukienda kutazama nyumba ya kupanga, nenda saa kumi alasiri, jua likiwa magharibi. Uliza shimo la katikati linafungukia wapi juu. Hesabu kuta zenye madirisha, si madirisha yenyewe. Inua macho juu ya kila dirisha uone kama kuna matundu, na kama yamepakwa rangi hadi yakaziba, omba yazibuliwe kabla hujatoa amana.